Sare Nyuma ya Friji

Waliokuwepo asubuhi ile mlango wa friji ulipofunguliwa ni hawa: mimi, mdogo wangu wa kiume, wakati huo yuko kidato cha tatu, kasimama na mswaki mdomoni, mdogo wetu wa mwisho, darasa la tano, keshavaa sare yake ya skuli, kavu, bado ina uvuguvugu, na jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye tunamwita mama mdogo ingawa hakuzaliwa tumbo moja na mama yetu. Fundi alikuja baadaye, kwenye saa nne. Na kama naruhusiwa kumhesabu, alikuwepo ng'ombe pia: kilo ishirini, ndani ya ndoo mbili, keshakatwa vipande na kutiwa thomu, tangawizi na mtindi.

Mama mdogo aliinua kifuniko cha ndoo ya kwanza. Aliinamisha uso, akanusa, akafunika. Akainua cha pili, akafanya vile vile. Taa ya friji ilikuwa inawaka vizuri, inamwangaza usoni.

"Umeme ulikatika jana?" aliniuliza.

Nikamjibu, "Labda ulikatika."

Mdogo wangu wa kiume akautoa mswaki mdomoni, akanitazama, akaurudisha.

Neno hilo moja, labda, limekaa nami sasa huu mwaka wa tatu. Nafua nalo, napika nalo, nakunja nalo mashuka ya watu.

Nyama ile haikuwa yake. Ilikuwa ya harusi, ya watu wa Mlandege wenye duka la vitambaa. Mama mdogo amepika katika shughuli za watu tangu mimi mtoto, lakini siku zote chini ya mpishi mkubwa: amemenya, amekata, amechochea kuni, amekoroga kwa upawa mrefu huku moshi unamla macho, na sifa akapewa mwengine. Safari ile, kwa mara ya kwanza, alikabidhiwa sufuria yeye mwenyewe. Biriani ya watu mia, Alhamisi, baada ya akdi. Wenyewe walimletea nyama Jumatano mchana, maana mvua za masika zilikuwa zinapiga mfululizo na waliogopa Alhamisi asubuhi sokoni Darajani kusiwe na kitu cha maana. Friji hana. Akaja kwangu.

"Ikitoka vizuri hii, mwanangu," aliniambia akizitua ndoo, "basi mimi nshaingia kwenye majina. Ikitoka vibaya narudi kwenye vitunguu mpaka wanizike."

Alisema akicheka, lakini nilimjua. Alikuwa hajalala siku mbili kwa kuhesabu mchele kichwani.

Na sikuwa na haki ya kumkatalia chochote. Baba alitangulia kwa maradhi, mama akamfuata mwaka wa pili yake. Nilikuwa kidato cha pili. Watu walikuja, wakasoma hitma, wakala, wakaondoka, kama ilivyo. Mama mdogo ndiye aliyebaki. Siku arubaini chakula cha mchana kilitoka kwake, kimefunikwa kwa kawa, na hakuna siku aliyouliza kesho itakuwaje. Siku ya arubaini na moja alinikalisha akanifundisha kukadiria mchele wa watu watatu. Ndiyo siku niliyojua kwamba sirudi tena skuli.

Friji niliinunua miaka mingi baadaye, Mlandege, katika zile zinazoshushwa kwenye makontena kutoka Ulaya zikiwa bado na stika za watoto wa watu mlangoni. Yangu ilikuja na samaki wa rangi ya machungwa. Niliitaka kwa ajili ya barafu: juisi ya ukwaju na ya ubuyu, ninaigandisha katika vifuko vyembamba, watoto wa mtaani kwetu Jang'ombe wanakuja kugonga dirishani. Asubuhi nipo Mji Mkongwe katika nyumba ya wageni, nafua na kukunja mashuka. Jioni nauza barafu. Kwa kazi hizo mbili wadogo zangu wamekaa skuli, na wakati ule nilikuwa nshaapa kwamba hakuna atakayekosa hata siku moja kwa sababu ninayoweza kuizuia.

Nilikaa na friji ile nikaijua tabia zake kabla sijajua sababu zake. Mlango wake unafunguka ubavuni, na baridi ni nzito, kwa hiyo kila ukifungua inamwagika yote miguuni kama maji. Nilikuwa nasimama kwenye sakafu ya saruji, vidole vinapoa, nikijiambia baridi niliyoilipia ndiyo hii inayokimbilia mlangoni. Ina kitufe kimoja, moja mpaka saba, na vyumba viwili. Ukitia saba, barafu zinaganda upesi lakini mchicha chini unakuwa kioo. Ukitia tatu, mchicha unapona na barafu zinakuwa uji. Nani kaona nyumba ya vyumba viwili ina swichi moja? Nyuma kwa ndani kuna kitundu cha kupitisha maji, kidogo kama tundu la sikio, na kikiziba kwa jani moja la kotmiri basi droo ya chini inageuka dimbwi. Maji yanayopita salama yanaangukia kisahani kilichokaa juu ya mota, ili joto la mota liyakaushe. Huko zilikotoka pengine yanakauka. Kwetu, mwezi wa masika, hewa yenyewe imelowa, kisahani kinajaa, na nimeshakuta humo viluwiluwi vya mbu vinacheza.

Na nyuma, upande wa ukutani, kuna waya nyingi nyeusi zilizopangwa kama susu ya kutundikia vyombo. Hizo zina joto. Si joto la kuunguza, ni joto la mkono wa mtu mwenye homa. Kwa muda mrefu sikujua ni za nini. Niliona tu ni joto linalopotea bure.

Kazini kuna mashine ya kukaushia mashuka. Unatia yakiwa yanachuruzika, yanatoka makavu, ya moto, unayakunja yakiwa yananukia. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na sare moja: shati, sketi na mtandio mweupe. Wakati wa kiangazi naifua jioni, asubuhi kavu. Wakati wa masika, siku tatu haikauki. Alishawahi kwenda nayo mbichi, akarudi na kikohozi, mwalimu akasema nguo zinanuka. Alinihadithia bila kulia, na hilo ndilo lililoniuma. Jioni ile ile niliusogeza mtandio nyuma ya friji, nikautandika juu ya zile waya. Alfajiri ulikuwa mkavu kama karatasi.

Nilijiona mjanja mno. Masika yote yale nilianika huko: shati, sketi, soksi, hata suruali ya mdogo wangu wa kiume. Yeye alikuwa ananitania.

"Dada, leo nimevaa friji."

"Vaa nyamaza. Wenzio wamevaa ukungu."

Niliona mota inanguruma zaidi kuliko zamani. Zamani ilikuwa inafanya kazi, inanyamaza, mpaka unaisahau. Sasa ilikuwa hainyamazi. Niliisikia nikisali, niliisikia nikila. Nikaona ni uzee.

Jumatano ile tulitoa rafu zote na barafu zangu zote ili ndoo mbili ziingie. Zilibana mpaka zikagusa bamba la nyuma. Nyama ilikuwa imetoka kwenye mikono na kwenye jua dogo la mchana, haikuwa ya moto wala baridi. Mama mdogo alitaka pia pa kuweka sufuria zake chumbani kwetu, kwa hiyo nikaisukuma friji nyuma mpaka ikagota ukutani. Jioni, Maghrib imeshaadhiniwa, mvua inamwagika, nikafua sare. Nikajiuliza. Nasema kweli, nilijiuliza: leo ina mzigo, niiache? Halafu nikakumbuka kesho kuna jaribio la hesabu. Nikazipenyeza nguo nyuma, zikabanwa vizuri baina ya waya na ukuta, nikaona afadhali, leo hazitaanguka.

Alfajiri nilifungua mlango kidogo kutazama. Taa ikawaka. Nikafunga nikashukuru. Nikachomoa sare, kavu, nikampa mtoto.

Fundi alipofika, mama mdogo alikuwa keshatoka na ndoo zake kwenda kwa wenye harusi. Wadogo zangu wote wawili wamekwenda skuli. Mimi sikwenda kazini siku ile; nilibaki peke yangu na yule mzee mwenye mkoba wa spana, ambaye ndiye aliyenichagulia friji ile siku nilipoinunua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

"Taa inawaka, baridi hakuna."

"Taa!" Alicheka. "Taa ya friji ni kama mtu anayekuitikia naam huku kalala. Taa na mota hazijuani. Waya wake mbali. Mota inaweza kufa na kuzikwa, taa ikakuchekea."

Akaivuta friji kutoka ukutani. Soksi moja ikaanguka. Akaiokota kwa bisibisi, akainyanyua baina yetu.

"Hii nini?"

Akainama kutazama zaidi, akaona mistari ya kutu kwenye waya, pale nguo mbichi zilipokaa mwezi mzima.

"Ewaa. Mie nimeitwa kutengeneza friji, kumbe kamba ya kuanikia."

Alishika ubavu wa mota, akautoa mkono upesi. "Umeme haukukatika hapa," alisema. "Mota haipati moto kwa kulala. Imepata moto kwa kuhangaika. Njoo. Weka mkono wako hapa."

Nikaweka juu ya waya. Akanieleza huku amechutama, taratibu, kama mtu anayemwonesha mgeni njia. Friji haitengenezi baridi, alisema. Hakuna mashine inayotengeneza baridi. Friji inatoa joto. Ni hamali. Anaingia ndani, anakuta joto la nyama, la maziwa, la mkono wako ulipofungua mlango, analibeba mgongoni, anatoka nalo, anakwenda kulitua nyuma. Hamali mwenyewe ni gesi inayozunguka ndani ya mabomba ya shaba. Mota kazi yake ni kuibana. Ikibanwa inakuwa ya moto, inapita kwenye hizi waya, inaacha joto lake katika hewa, inapoa, inakuwa maji. Maji hayo yanapenya kwenye mrija mwembamba kuliko wa kalamu, yanatokea upande wa pili penye nafasi, yanafumka kuwa gesi tena, na kufumka kwake ndiko kunakonyonya joto la ndani. Halafu safari inaanza upya.

"Sasa wewe," alisema, "pale anapotua mzigo umempangia nguo. Atatua wapi? Anarudi ndani na mzigo ule ule mgongoni."

"Lakini zilikuwa mbichi," nilisema. Nilitafuta pa kushika. "Kitu kibichi si kinapoza?"

Alinitazama vizuri. "Umesema neno. Ikiwa mbichi inasaidia, kidogo. Ikishakauka imekuwa blanketi. Na ukuta nao umeusukumia. Na ndani umejaza mpaka hakuna pa kupita hewa. Hapa mota imepata moto, kuna kidude hiki cheusi ubavuni kinaikata isiungue. Ikapoa kidogo, ikawaka. Ikakatwa. Ikawaka. Imefanya hivyo mpaka asubuhi."

Kisha akafungua mlango, akanionesha kibandiko pembeni mwa droo ya mboga, chenye herufi mbili, S na N. Alisema hizo zinasema friji imezaliwa wapi. Imepimwa kwa watu ambao siku yao ya joto kali ni kama asubuhi yetu ya baridi. Joto likipita hapo, aliyeitengeneza hana ahadi na mtu. "Hana makosa," alisema. "Hakukufikiria wewe. Lakini na mimi niliyekuchagulia nilitakiwa nikwambie. Yako nusu, yangu robo, yake robo."

Nilishukuru kwa ile robo. Haikunisaidia.

"Mwenye nyama anajua?" aliuliza akifunga mkoba.

"Ntamwambia mwenyewe."

"Mwambie leo. Kesho litakuwa kubwa."

Mama mdogo alirudi kabla ya Adhuhuri. Alikaa kwenye baraza letu, sufuria kubwa tupu iko ubavuni kwake, ndoo zimeoshwa. Nyama ilikwenda jaani. Alikuwa amewaambia wenye harusi kweli tupu, kwamba imeharibika na hawezi kuwalisha watu kitu cha kunuka, wakati angeweza kuitia siki na limau na viungo na kumwachia Mungu, kama wengine wanavyofanya. Walimwita mpishi mkubwa wa siku zote, akaja na nyama nyengine na watu wake.

"Wamesemaje?" niliuliza.

"Mama wa bibi harusi kasema alhamdulillahi hatujaila." Akacheka, akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Umeme huu, mwanangu, ipo siku utatuua."

Pale palikuwa mahali pake pa kukiri. Fundi alikuwa hata hajafika mwisho wa kichochoro. Nilifungua mdomo, na yeye akasema, "Nipe maji basi, koo limekauka," nikaenda kumchotea mtungini, nikarudi, na mtoto akatokea kutoka skuli anakimbia, sare yake safi, anapiga kelele kwamba jaribio kalifanya lote. Mama mdogo akamvuta akampakata, mtoto mkubwa yule, akambusu kichwani juu ya mtandio. Nikanyamaza.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mdogo wangu wa kiume aliniuliza, "Dada, umeme ulikatika?"

"Hapana."

"Mbona umesema labda?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Sijui miye," alisema. "Wewe ndiye mkubwa."

Maneno ya shughulini yana miguu. Haukupita mwezi nikayasikia Darajani, kwenye meza za samaki, wanawake wawili wanapanga karamu ya mtu. "Msimpe yule wa Jang'ombe," mmoja alisema, "nyama yake inanukia kabla ya kufika motoni." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na changu wawili mkononi. Nikalipa, nikaondoka.

Mama mdogo alirudi kwenye vitunguu, kama alivyosema. Asubuhi anachoma vitumbua, wiki za harusi anakwenda kumenya na kuchochea. Mimi niliiweka friji shubiri moja kutoka ukutani na haijaguswa na nguo tena. Sare nakausha kwa pasi ya mkaa, nachelewa kulala, lakini inakauka. Nimejifunza kusikiliza mota inaponyamaza. Inaponyamaza napata nafuu kidogo, halafu nakumbuka kwamba moyo wangu mimi haujanyamaza.

Mara ngapi nimekwenda kwake kwa jambo hili? Nimekwenda na sahani ya ubwabwa, nikarudi na sahani tupu. Nimekwenda siku ya Idi asubuhi, siku watu wanapoombana radhi mlango kwa mlango. Aliniwahi yeye: "Nisamehe, mwanangu, kwa kila nililokukosea." Nikasema nimekusamehe, na wewe unisamehe. Akasema nimesamehe. Lakini mtu anasamehe alichokijua. Msamaha wa jumla wa siku ya Idi haulingani na kilo ishirini za nyama, na nilijua hilo nikiwa bado nimemshika mkono.

Siogopi ukali wake. Hana ukali. Naogopa ataniambia hata kabla sijamaliza, yamekwisha, na nitabaki nimesimama pale sina la kufanya, huku watu Darajani bado wanacheka.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani kwangu mwanamke nisiyemjua, mtu mzima, amevaa buibui la heshima. Alisema anaoza mtoto wa kiume, ameambiwa huyu jirani yangu ana mkono mzuri, lakini amesikia pia habari ya nyama. Akaona aniulize mimi ninayekaa naye karibu. Kweli ni mchafu?

"Karibu ndani, bi," nikamwambia. Nikampeleka mbele ya friji, nikaivuta, nikamwonesha kutu. Nikamweleza yote: sare, ukuta, ndoo, hamali wa joto na mahali pa kutua mzigo, na neno langu la asubuhi ile. Nilieleza mbio mbio, ulimi unajikwaa, mpaka yeye mwenyewe akanishika mkono.

"Basi, mwanangu, pumua," alisema. "Kwa hiyo aliyeharibu ni wewe."

"Ni mimi."

"Na yeye angeweza kuipika akaficha, na hakuficha."

"Hakuficha."

Aliitazama friji kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua. "Ntampa sufuria," alisema. "Mwenyewe anajua kuwa ni wewe?"

"Bado."

"Loo," alisema.

Akampa. Jumamosi hii ni siku yake: watu mia na hamsini, nyama inafika alfajiri na kwenda moja kwa moja motoni. Jana alikuja kunichukua nikamsaidie kumenya. Tulikaa uani kwake, yeye juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, mimi juu ya ndoo iliyopinduliwa, gunia la vitunguu katikati yetu. Alikuwa na furaha ya mtu anayeogopa kuionesha. Aliniuliza, "Unadhani kwa nini wamenikumbuka mie, baada ya yale?" Nilisema Mungu hamtupi mja wake. Akasema kweli, akaendelea kumenya, na baada ya kidogo akaniambia niende taratibu, mbona nakata kama nafukuzwa.

Najua yule mwanamke atasema. Kama si leo, Jumamosi mbele ya masufuria, atamwambia umshukuru mtoto wako, alikiri mwenyewe. Mama mdogo atageuka kunitafuta kwenye moshi. Ninataka ayasikie kwangu kwanza. Nilikuwa naye tangu baada ya Alasiri mpaka gunia likaisha, macho yetu sote wawili yanatoka machozi kwa vitunguu, hakuna mtu mwengine uani. Nikanawa mikono, nikamuaga, nikarudi nyumbani bila kumwambia, na bado ananidai.